Safari ya Lango la Jahannam

Tumeletewa barua na jamaa wa Kilambo, kule ukingoni mwa Ruvuma panapovukwa kwendea Msumbiji, wakituomba tuwaamulie shauri lililowagawa nyumbani. Binti yao ameolewa Naivasha, katika nchi ya Kenya, na mkwe wao amewaalika wakakae naye siku kumi katika mwezi wa Julai. Ameahidi pia kuwatembeza katika hifadhi ya taifa iitwayo Hell's Gate, yaani Lango la Jahannam. Vijana wamefurahi mno. Bibi yao amekataa katakata; asema hajapata kusikia Muislamu aliyefunga mzigo wake kwa khiari akaenda kubisha hodi katika mlango huo.

Twaanza na maneno ya bibi, kwani yana asili yake wala si ya kuchekwa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopita Al-Hijr katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, aliwakataza masahaba wasiingie majumba ya Thamud yaliyochongwa majabalini illa hali ya kuwa wanalia, wala wasitumie maji ya visima vyake ila kile alichokuwa akinywea yule ngamia wa Nabii Salih. Lakini Al-Hijr ni mahali palipothubutu kuwa watu wake waliadhibiwa. Korongo la Naivasha halina khabari ya namna hiyo. Jina lake ni la Wazungu wawili wasafiri, Gustav Fischer na Joseph Thomson, waliofika huko mwaka wa 1883. Waliona upenyo mwembamba kati ya magenge mawili, wakauita walivyouita. Wamasai wenye nchi yao waliita korongo hilo Ol Njorowa, na sisi twaonelea familia ya Muislamu ilitaje kwa jina hilo. Moto wa Akhera si jina la kuchezewa na watoto garini. Ama kutembea katika ardhi na kuzingatia, hilo tumeamrishwa, na bibi alijua hayo kabla hatujazaliwa.

Na cha kuzingatia kipo. Hifadhi yenyewe si kubwa, kilomita za mraba 68 na kitu, nayo ilitengwa mwaka wa 1984. Zamani sana, ziwa la Naivasha lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo leo, maji yake yalitokea upande wa kusini yakakata miamba laini ya volkano, na njia yao ndiyo hilo korongo. Ukitazama kuta zake utaona tabaka juu ya tabaka, na mikunjo iliyochimbwa na maji hata ikawa laini. Mahali pengine maji ya moto huchuruzika kutoka ndani ya mwamba, na watoto wasiachwe kuyagusa, kwani huunguza kweli. (Kwa mwenye kuuliza: maji yaliyogeuka ladha kwa madini ya asili yao hubaki ni tohara, lakini yakiwa moto mno ni makuruhu kutawadhia, maana hayamwachi mtu akatimiza udhu wake.)

Moto huo wa chini ya ardhi umetiwa kazini. Pale pale Olkaria mvuke huvutwa kwa visima virefu ukazungusha mashine za umeme, tangu mwaka wa 1981. Watu wa Mtwara hawatashangaa sana, kwa kuwa wao wenyewe wamekalia gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyovumbuliwa mwaka wa 1982.

Pundamilia, twiga, nyati na kongoni wako, na hifadhi hiyo ni katika chache ambazo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli. Bibi aweza kubaki garini karibu na ule mwamba uitwao mnara wa Fischer akawaona pimbi wakiota jua, wala hatakuwa amekosa jambo kubwa.

Sasa twaja kwenye lililotufanya tuijibu barua hii gazetini badala ya kuijibu kwa posta. Korongo hilo limeua. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2012 vijana saba wa kundi moja la kanisa walichukuliwa na mafuriko ndani yake. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2019 wakafa tena watu saba kwa namna ile ile, na korongo likafungwa kwa wageni. Mvua haihitaji kunyesha pale uliposimama. Hunyesha mbali, vilimani, maji yakakusanyika katika ufa huo mwembamba, na aliye chini hana pa kupandia. Sisi tuliozoea Ruvuma twajua mto unaofurika polepole siku baada ya siku, ukampa mtu nafasi ya kuhamisha kuku wake. Huu haumpi mtu dakika tano. Msitumaini kwamba Julai si mwezi wa masika. Ulizeni askari wa hifadhi langoni ni sehemu zipi zilizo wazi siku hiyo. Wakisema msishuke, msishuke, hata kama mkwe amekwisha kulipa na vijana wamekwisha kuvua viatu. Kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu tumekatazwa.

Imebaki baridi. Kipupwe chetu cha pwani ni upepo wa kusi na kanga ya pili mabegani. Naivasha iko juu ya bahari kiasi cha mita 1,900, na asubuhi za Julai huweza kuwa chini ya nyuzi 10. Bila ya sweta na koti nzito wazee wataumia. Nasi twakhofia zaidi sala ya Alfajiri, kwani tumewaona watu wema wa pwani wakifika bara wakaanza kuichelewesha kwa kuogopa maji.

Njiani wapunguze sala za rakaa nne na wakusanye, kwa kuwa safari yao yapita mara nyingi masafa ya marhala mbili. Wakifika, kwa kuwa wamenuia kukaa siku kumi, watasali kamili kama wenyeji. Maji na yapashwe moto. Kutayamamu kwa ajili ya baridi ni kwa asiyeweza kuyapasha naye akakhofia madhara, na katika madhhebu yetu ya Imamu Shafii atairudia sala hiyo baadaye. Iko pia rukhsa ya kupaka maji juu ya khofu za ngozi badala ya kuosha miguu: msafiri siku tatu na mausiku yake, mkazi siku moja na usiku wake. Basi huko Naivasha hesabu yao ni ya mkazi, nayo huanza pale udhu unapotenguka baada ya kuzivaa. Soksi nyembamba za pamba hazitoshi; sharti khofu ifunike mguu hata vifundo, izuie maji yasipenye, na iwezekane kuendea. Wazinunue Dar es Salaam wakipita, wazivae baada ya udhu uliotimia kwa kuosha miguu yote miwili, wala wasizivue mpaka wamekwisha kusali.