Funga Kwanza, Ndipo Ukate

Ndugu msomaji, kama umewahi kutengeneza breki ya baiskeli yako mwenyewe, basi somo la Jumapili hii umekwisha kulionja. Ulipoukata waya wa breki kwa koleo, ncha yake ilichanua kama ufagio. Ukajaribu kuipenyeza tena katika tundu lake, ikakataa; ukaisokota kwa vidole, ikakuchoma. Waya haukuwa na kosa lolote. Ulikatwa kabla ya kufungwa.

Kwa mwenye baiskeli, hasara hiyo ni ya saa moja. Lakini wako watu ambao kwao ncha ya kamba ya chuma ni jambo la usalama wa nyumba nzima. Hao ni wapenzi wa redio ya ridhaa, yaani watu wenye leseni ambao, bila biashara wala mshahara, huzungumza na wenzao wa ng'ambo kwa mitambo yao wenyewe. Alama za vituo vyao huonyesha nchi: za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z. Ili mawimbi yafike mbali, antena hupandishwa juu, na mara nyingi huwekwa kwenye mlingoti mwembamba wa chuma usioweza kusimama peke yake. Kinachousimamisha ni kamba za chuma zilizovutwa pande tatu hadi kwenye nanga zilizofukiwa ardhini. Kamba moja ikiachia, mlingoti huanguka. Na mijini, ambako nyumba zimebanana, huenda ukaangukia kwa jirani.

Hebu tujiulize, nguvu ya kamba hiyo yatoka wapi? Mwaka 1834 Wilhelm Albert, ofisa wa migodi huko Clausthal, Ujerumani, alisokota nyuzi za chuma kuwa kamba ya kupandishia mizigo kutoka mgodini. Kabla ya hapo mnyororo ulitumika sana, na mnyororo ukikatika pete moja umekatika wote. Katika kamba, uzi mmoja ukikatika, wenziwe hubaki na mzigo, na fundi hupata nafasi ya kuona na kurekebisha. Wahenga walikwisha sema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Chukua kamba mojawapo inayotumiwa sana kwa milingoti ya redio. Unene wake ni inchi 3/16, yaani karibu milimita 5, nayo ina nyuzi 7 za chuma kigumu, sita zikiuzunguka mmoja. Ile ya daraja la juu hukatika kwa mvuto wa kilo 1,800 hivi. Gawanya kwa 7, utaona kila uzi umebeba kama kilo 257. Hesabu hiyo ni ya kweli ikiwa tu nyuzi zote zimekaa mahali pake na kuvuta kwa pamoja. Ncha ikifumuka, mfumuko hupanda hadi mahali pa vibano, na vibano vikikazwa juu ya nyuzi zilizolegea, baadhi hubeba na baadhi hutazama.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza, pima na kutia alama, ukikumbuka kuongeza urefu wa kukunjia. Pili, funga. Zungushia utepe wa mafundi umeme juu ya alama mara kadhaa, ukiuvuta kwa nguvu, ili ukate katikati ya utepe. Kama kamba ni nene au imesukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, tumia waya laini wa kufungia nondo. Uzungushie upande huu na upande huu wa alama, kisha uukaze kwa koleo. Tatu, ibane kamba katika jiliwa, kati ya vipande viwili vya mbao, alama ikiwa karibu na mdomo wa jiliwa ili isitikisike. Ndipo ukate.

Chombo bora ni mkasi uliotengenezwa kwa kamba za chuma, ambao makali yake huikumbatia kamba. Mkasi wa kukatia nondo huibapaza ncha, na koleo la kawaida litapata mapengo kabla kamba haijakatika. Asiye na mkasi atumie msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi, akiusukuma polepole. Grinda yenye jiwe jembamba hukata upesi na kwa usafi, lakini cheche zake zikae mbali na petroli na majani makavu. Tindo na nyundo huponda nyuzi na kurusha vipande. Moto wa gesi usitumie kabisa. Huunguza zinki inayozuia kutu na kulegeza ugumu wa chuma, na sehemu hiyo hubaki dhaifu kuliko inavyoonekana.

Jihadhari pia na jambo moja ambalo wengi hulisahau. Kamba iliyoviringishwa ni kama mtego uliotegwa. Ukiikata bila kuishika pande zote mbili, ncha hufyatuka na huweza kutoboa jicho. Vaa miwani ya kukinga macho na glavu za ngozi, na watoto wakae mbali.

Ncha ikiwa safi, ipitishe katika pete ya chuma yenye mfereji, uikunje, kisha uibane kwa vibano vitatu. Tandiko la kibano likae upande wa kamba ndefu inayobeba mzigo, na ule mkono wa duara ukandamize ncha fupi. Kamba ikishavutwa, rudia kukaza nati zote. Na kabla ya yote, hakikisha kwamba mlingoti na kamba zake, hata vikianguka, haviwezi kufikia nyaya za umeme.

Asiseme mtu kwamba kamba ni jambo dogo. Huko Konstantynów, Polandi, ulisimama mlingoti wa redio wa meta 646, mrefu kuliko kitu chochote kilichojengwa duniani wakati ule. Tarehe 8 Agosti, 1991, mafundi wakiwa katika kazi ya kubadilisha kamba zake, ulipinda na kuporomoka. Chuma cha miaka mingi kilianguka kwa kosa la siku moja katika kamba.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, iwe ni mlingoti wa redio, kamba ya kuanikia nguo au breki ya baiskeli, utepe wa urefu wa kiganja na dakika mbili za subira ni gharama ndogo mno. Mpaka Jumapili ijayo, kazi njema.