Mnaandikisha watoto opsio bila kuuliza nani atafundisha

Butembo – Wiki hizi wazazi wako njiani, kutoka Kimemi hadi Bulengera, wanatafutia nafasi watoto waliomaliza mwaka wa nane wa elimu ya msingi. Ukisimama mbele ya ofisi ya prefe, maulizo unayosikia ni mawili tu: minerval ni dola ngapi, na opsio gani ni nyepesi. Ulizo la kwanza lina jibu. La pili halina, na kila mwaka tunalipa pesa nyingi kwa sababu tunaamini kwamba linalo.

Tumejizoeza kupanga opsio kama ngazi. Mwanzoni kabisa tunaweka sayansi, ile wazee wangali wanaita Math-Physique ao Bio-Chimie: hiyo ni ya wenye akili. Kisha Latin-Philo, ya wale tunaodhani watakwenda seminari. Kisha Commerciale et Gestion, kwa kuwa Butembo ni mji wa biashara na tunafikiri mtoto aliyekulia dukani anazaliwa akijua kompta. Chini kabisa Pédagogie, kwa yule ambaye "hawezi". Ngazi hiyo haikuandikwa na wizara. Tumeiandika sisi wenyewe nyumbani.

Tuanze na hiyo Pédagogie mnayoidharau. Mle mtoto anasoma saikolojia na metodolojia, anatayarisha masomo usiku, anafanya staji katika shule ya msingi, na mwishoni anasimama kufundisha mbele ya jury, watoto wakimtazama usoni. Mwenye haya, ao ambaye Kifaransa chake kinakatika katikati, huyo atateseka kuliko angeteseka na ekwesio. Nani alisema hiyo ni nyepesi? Na tazameni matokeo yake: tunapeleka huko watoto tuliokwisha kuwaambia kwamba hawana akili, wanapata diploma, wanarudi kufundisha wadogo wao. Tangu shule za msingi za serikali zilipowekwa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa watoto hadi mlangoni. Kisha ni sisi tena tunaolalamika kwamba mtoto wa mwaka wa nne hajui kusoma.

Commerciale nayo haimkimbizi mtoto hesabu, inamletea hesabu ya namna nyingine. Congo iliingia OHADA mwaka 2012, na kompta ikabadilika. Mzazi, umewahi kuuliza kama mwalimu anafundisha kompta hiyo, ao anasoma kaye aliyoandika yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi? Tena Exetat ina siku yake ya sayansi kwa finalisti wote, hata wa Latin-Philo. Anayechagua opsio kwa kukimbia hesabu ataikuta inamngojea mlangoni mwa mwisho.

Kwa maoni yangu ugumu si wa opsio. Ni wa opsio hiyo, katika shule hiyo, kwa mtoto huyo. Sayansi yenye mwalimu wa fizikia anayekaa shuleni ni kitu kimoja. Sayansi ambayo mwalimu wake anakimbia na pikipiki kati ya shule tatu, anafika amechelewa, anaandika ubaoni bila kueleza na kuondoka, hiyo ni kitu kingine kabisa, hata kama jina ni lile lile. Kemia inafundishwa kwa chaki, bila chupa hata moja. Informatiki inafundishwa kwa kuchora kibodi ubaoni. Mtoto akianguka tunasema opsio ilimshinda. Haikumshinda. Hakuipata.

Nani anafaidika na giza hili? Promotere ambaye kila mwezi wa nane anaongeza jina la opsio ukutani kabla ya kupata mwalimu. Rangi ni bei rahisi kuliko mwalimu. Pembeni anaandika "100% Exetat". Mia moja kwa mia ya wangapi? Ikiwa waliingia arobaini mwaka wa kwanza na kumi na wawili ndio walioandika mtihani, hiyo asilimia inaficha watoto ishirini na wanane. Hao hawako kwenye bango.

Na kwa wasichana wengi hatuulizi hata hilo. Binti mwenye pointi nzuri za hesabu anaambiwa aende kushona ao Pédagogie, "atapata bwana haraka". Kaka yake mwenye pointi mbaya anasukumwa sayansi kwa sababu baba anataka daktari nyumbani. Wote wawili wanalia, kila mmoja katika darasa la mwenzake.

Serikali ina jaribio la mwaka wa nane, TENASOSP. Jina lake lenyewe linasema ni la kuchagua na kuelekeza wanafunzi. Lakini majibu yakitoka tunauliza tu kama mtoto amepita. Biletini hivyo hivyo: tunatazama asilimia ya jumla na nafasi ya ngapi, hatutelemshi macho kuona somo kwa somo. Mtoto wa 65 kwa mia anaweza kuwa na 40 katika hesabu, na ile 65 imeletwa na dini, mazoezi ya mwili na historia.

Maprefe wengine watajibu kwamba mzazi ambaye hakusoma hawezi kuhukumu programu. Anaweza. Mama anayeuza maharagi sokoni hanunui mfuko bila kuingiza mkono hadi chini. Afanye vile vile hapa. Aombe kaye ya jirani anayesoma mwaka wa tatu katika shule ile, ampe mtoto wake aikalie saa moja, kisha amuulize ameelewa nini na amechoshwa na nini. Aulize jina la mwalimu wa somo kubwa la opsio, na anakuja siku ngapi kwa wiki. Aombe kufunguliwa laboratuari. Ufunguo ukikosekana, amepata jibu. Wengine watasema mtoto atabadili mbele. Anayetoka Commerciale katikati ya safari hawezi kuingia sayansi bila kurudi nyuma, na mwaka ule wa kurudi unalipwa na nyumba ile ile iliyouza mbuzi kwa mwaka wa kwanza.

Kwa nyinyi maprefe na mapromotere: kabla masomo hayajaanza mwezi wa tisa, bandikeni mlangoni pa ofisi karatasi moja kwa kila opsio. Muandike saa za kila somo kwa wiki, mwalimu wa masomo makubwa ni nani, na walioanza mwaka wa kwanza miaka minne iliyopita ni wangapi wamefika mwisho. Shule isiyoweza kuijaza karatasi hiyo ifute opsio ile ukutani, na wazazi waliokwisha kulipa warudishiwe pesa zao.