Wavu wa Kuku Si Kinga ya Kuku

Miaka michache iliyopita, katika shule moja ya kutwa ambako dada yangu mdogo hufundisha somo la Kilimo, wanafunzi wa kidato cha nne walifika asubuhi wakakuta kuku wao 19 wamekufa. Kuku hao ndio waliokuwa mradi wao wa mtihani. Wawili walikuwa wamevutwa vichwa kupitia matundu ya wavu, na waliosalia walikuwa wametapakaa sakafuni. Banda lenyewe lilikuwa na umri wa majuma sita tu na wavu wake ulikuwa ungali unang'aa. Risiti ya duka ilikuwapo afisini, nayo ilikuwa imeandikwa neno moja: "Wavu".

Hapana shaka msomaji atajiuliza mwalimu wa isimu ana haja gani na mabanda ya kuku. Nami nilijiuliza hivyo hivyo hadi nilipofika shuleni na kuwasikiliza watu. Kila mmoja alikuwa na jina lake la yule mnyama. Bawabu alishikilia kwamba ni kicheche. Mpishi akasema ni kanu. Mwalimu mkuu, aliyelelewa mahali penye nguchiro wengi, hakutaka kusikia jina jingine ila nguchiro. Wanafunzi walisema ni paka mwitu, na jina hilo likawaridhisha wote kwa kuwa halikumlazimu yeyote kufikiri zaidi.

Ilhali majina hayo si mamoja, na hayadai kinga moja. Nguchiro wengi huwinda mchana. Kanu hutoka usiku, hupanda miti na paa kwa wepesi, na mwili wake mwembamba hupenya mahali ambapo mtu hangedhani. Kicheche huchimba. Panya, ambaye hakuna aliyemtaja, huhitaji mwanya mdogo tu ili aingie kula mayai na vifaranga. Ukisema ni kanu, basi shughulikia paa. Ukisema ni kicheche, shughulikia msingi. Anayeanza kununua waya kabla ya kumjua mnyama huwa anapiga ramli, na fedha anazopigia ni za wazazi.

Sasa tuitazame ile risiti. Katika maduka yetu ya vifaa vya ujenzi neno "wavu" huitwa kitu chochote cha chuma chenye matundu. Upo wavu wa matundu yenye pembe sita, uliosokotwa kwa waya ambao aghalabu haufiki unene wa milimita moja. Huo ndio unaouzwa kwa jina la wavu wa kuku, na jina hilo ndilo lililowaponza wanafunzi wale. Wavu huo ulibuniwa kumzuia kuku asitoke. Haukubuniwa kumzuia adui asiingie. Mbwa mwenye njaa huurarua, na mnyama mdogo mwenye kucha huingiza mkono akamvuta kuku aliyelala karibu nao. Upo pia wavu wa miraba ambao nyaya zake zimechomelewa kila zinapokutana, ambao mafundi huuita weldimeshi. Ukiwa na matundu ya milimita 12 hivi, huo humzuia panya, nyoka wengi na mkono wa kanu. Upo tena ule wa nyaya nene zilizopindwa na kushikana kama viungo vya mnyororo, unaofaa sana kuzungushia uwanja na usiofaa hata kidogo kwa vifaranga, maana hupita katika matundu yake wakienda matembezini.

Vitu vitatu, jina moja. Neno "seng'enge" nalo lina mzigo kama huo: kwa wengi ni waya wenye miiba, kwa wengine ni waya wowote wa ua, na kwa baadhi yetu ni ua wenyewe. Sisemi kwamba lugha yetu ni maskini. Wavuvi wa pwani wana majina chungu nzima ya nyavu na mitego, kila moja na samaki wake na kina chake cha maji. Wangekuwa na neno moja tu wangelala njaa. Sisi wa bara tulipoanza kununua nyavu za chuma hatukujisumbua kuzipa majina, tukamwachia muuzaji atuchagulie, naye kwa kawaida huuza kile ambacho mnunuzi hatabishana naye juu ya bei.

Jambo la pili ni geji, na hapa hata waliosoma hujikwaa. Kwa kawaida nambari ikipanda, kitu nacho hukua. Katika geji mambo ni kinyume. Waya wa geji 8 una unene wa milimita 4 hivi, wa geji 10 milimita 3.25, wa geji 14 milimita 2, na wa geji 16 milimita 1.6. Chanzo chake kinaeleweka: waya hutengenezwa kwa kuvutwa kupitia tundu jembamba, kisha jembamba zaidi, na nambari ilifuata idadi ya mivuto. Uingereza iliuhalalisha utaratibu huo kwa kipimo rasmi mnamo 1884, nasi tukaurithi pamoja na mengine mengi. Matokeo yake ni kwamba mzazi huambiwa dukani, "Hii ni kumi na sita, ile ni kumi na mbili," akalipia kumi na sita kwa furaha akidhani amepata kilicho imara zaidi.

Dada yangu alikuwa akiifahamu geji. Ameifundisha miaka mingi, kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya somo hilo, na wanafunzi wake huijibu vyema katika mtihani. Lakini aliyetumwa dukani alikuwa mzazi mmoja wa kamati ya shule, na mazungumzo yake na muuzaji yalikuwa ya Kiswahili. Maarifa yaliyokuwa darasani hayakuwa na maneno ya kuvukia hadi dukani. Hapo ndipo ninapolaumu, wala sijilaumu mimi peke yangu bali wenzangu wote tunaojiita wataalamu wa istilahi. Tumebuni maneno ya kuzungumzia fonimu na mofimu, maneno ambayo huyatumia watu wachache mno, na banda la kuku tukalisahau.

Pengine kosa la banda la kuku husameheka. Kosa la umeme halisameheki. Ua unaouzunguka msitu wa Aberdare, uliokamilika 2009 ukiwa na urefu wa kilomita 400 hivi, huitwa ua wa umeme. Mkulima anayechukua waya wa stima ya nyumbani na kuufunga kwenye seng'enge ili kuwakomesha nguruwe au wezi, naye husema ameweka ua wa umeme. Ule wa kwanza hutumia mtambo maalumu unaotuma mshtuko mfupi mno, kisha hupumzika kwa takriban sekunde moja kabla ya kutuma mwingine, hivi kwamba mnyama au mtu aliyeugusa hupata nafasi ya kujitoa. Ule wa pili haupumziki. Humshika aliyeugusa na kumuua, na mara nyingi aliyeugusa ni mtoto wa mwenye shamba. Mwalimu asiyewatenganishia wanafunzi vitu hivyo viwili kwa lugha wanayoongea nyumbani amewaacha katika hatari kubwa.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kunufaika kikamilifu na bidhaa. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sioni basi sababu ya robota la waya kuuzwa likiwa na nambari tupu. Liandikwe unene kwa milimita, upana wa tundu kwa milimita, na kama waya umepakwa zinki kabla au baada ya kuchomelewa, maana uliopakwa baadaye hukawia kushika kutu, na kwa walio karibu na bahari tofauti hiyo ni ya miaka. Hayo hayahitaji zaidi ya mistari mitatu ya wino.

Banda la shule ile limejengwa upya. Sehemu ya chini, hadi kimo cha kiuno, ni wavu wa kuchomelewa, na ule wa pembe sita umebaki juu ambako hauna kazi nzito. Paa limezibwa. Mguuni mwa ukuta wavu umekunjwa kuelekea nje, sentimita 30, ukafukiwa kwa udongo, kwa kuwa mnyama anayechimba huanzia pale pale ukuta unapokutana na ardhi, na akikuta chuma chini ya kucha zake hajui kurudi nyuma hatua moja. Katika chumba cha Kilimo dada yangu ametundika ubao wenye vipande sita vya waya, kila kimoja na unene wake kwa milimita na jina lake kwa Kiswahili. Majina mawili kati ya hayo tuliyabuni sisi wenyewe tukinywa chai, na wanafunzi tayari wameyapinga. Wana yao wanayoyaona bora. Nimeomba waniandikie.