Vitoto vya mukeke si ndagala

Uvira – Sokoni, kando ya ziwa Tanganyika, vitoto vya mukeke vinachanganywa na ndagala, vinapimwa pamoja na kuuzwa kwa jina moja. Kisha lawama inawaangukia wakimbizi wa ndani: eti wao ndio wanaomaliza samaki kwa sababu wananunua cha bei ndogo. Si haki. Mama anayetafuta mboga ya watoto hakutupa chandarua ziwani.

Lakini wanunuzi wajue kutofautisha. Samaki akiwa mbichi, atazamwe mgongoni. Ndagala ana pezi moja tu, laini, lisilo na miiba. Mukeke, hata akiwa mdogo kama kidole, ana mapezi mawili, na la mbele lina miiba. Waliotoka Kivu wakumbuke sambaza: ni jamaa ya ndagala, alipelekwa huko kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mukeke akiachwa akue hupita sentimita 40. Akivuliwa mtoto, hatazaa. Waulizwe wenye nyavu za chandarua, na wakaguzi wanaoziona ufukweni wakanyamaza. Mwenye njaa aachwe.