Wazo Lako Halijaibiwa, Linaozea Kwa Simu Yako

Wasee, leo nitakosana na wengi wenu na iko sawa.

Kila mtu ninayemjua hapa Nairobi ana kitu kikubwa kinakuja. Huyu ana filamu inakuja. Yule ana podikasti inakuja. Mwingine ana brandi ya nguo: jina tayari, logo tayari, ukurasa wa Instagram tayari, na posti moja nyeusi imeandikwa "Kaeni chonjo." Tumekaa chonjo tangu 2023. Miguu imekufa ganzi.

Ukimwambia akuonyeshe hata kidogo, jibu ni lile lile: "Zii, bado napika." Sawa, unapika. Lakini hata mama wa kibanda huonja madondo kabla ya kupakua, na akiona uso wa mteja wa kwanza umekunjamana anaongeza chumvi. Wewe umefunika sufuria miaka miwili na hutaki mtu hata anuse. Hiyo si kupika. Hiyo ni kuficha.

Msimamo wangu ni huu: tengeneza toleo la kwanza likiwa rahisi, la bei ya chini, hata bovu, na uwaonyeshe watu kabla hujajisikia tayari. Ukingoja kujisikia tayari utangoja hadi wajukuu.

Tuelewane kwanza. Watu wa muziki walijua hili kitambo. Kabla ya kulipa studio unarekodi demo. Sauti ina kelele, jirani anapigilia msumari kwa ukuta, lakini korasi inasikika. Mtu akisikia anajua kama inashika ama haishiki. Basi. Demo ni kitu kidogo kinachouliza swali moja. Haijaribu kuonyesha kila kitu.

Una filamu ya saa moja na nusu kichwani? Demo ni dakika mbili, simu yako, mabeshte wawili, kwa ngazi za ploti yenu. Swali: mtu akimaliza kutazama, anataka kujua nini kinafuata? Una brandi ya nguo? Demo ni fulana moja. Ivae wewe mwenyewe, tembea nayo tao, hesabu ni wangapi wamekuuliza umeitoa wapi. Una kitabu cha katuni? Chora ukurasa mmoja kwa biro, piga picha. Una epu? Chora skrini zake kwa karatasi, mpe shosho yako abonyeze karatasi kwa kidole, uone anapotelea wapi. Shosho hatakudanganya. Hana sababu.

Mimi saa hii natengeneza mchezo wa karata kuhusu matatu. Wewe ni makanga, unajaza gari, unakutana na karau, unajua vile inaenda. Toleo la kwanza ni boksi la konfleksi nililokata kwa makasi, maka pen, na vifuniko vya soda badala ya pesa. Niliita wasee wanne kwa keja, nikawapa, nikanyamaza. Hiyo sehemu ya kunyamaza ndiyo ngumu. Nilikuwa na karata moja ya mvua: ikitoka, unaweza kupandisha nauli. Kwangu ilikuwa karata ya kawaida tu, moja kati ya arobaini. Wasee wakaipigania mpaka jirani akagonga ukuta. Mmoja aliificha kwa soksi. Sasa mchezo wote unazunguka mvua. Hiyo habari sikuinunua popote. Ilikaa ndani ya vichwa vya watu wanne na boksi la konfleksi ndilo liliitoa.

Na kama unadhani haya ni mambo ya watoto wa vidio, shika simu yako uangalie M-Pesa. Mwaka wa 2005, wengi wetu tukiwa bado hatujaingia nasari, ilikuwa jaribio dogo tu la Nairobi na Thika, na kazi yake haikuwa hii tunayoijua. Ilijengwa ili watu waliokopa pesa kidogo kidogo walipe mikopo yao kwa simu. Watu wakapewa, wakaanza kufanya mambo yao. Huyu anaweka pesa kabla ya safari, anaitoa akifika. Yule anamtumia mwenzake. Wenye biashara wanalipana. Waliokuwa wakiendesha jaribio wakaangalia, wakaelewa kuwa kitu watu wanataka si kile walichokuwa wamepanga. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ilikuja na ujumbe wa kutuma pesa nyumbani. Fikiria wangejifungia ndani wakisafisha mfumo wa mikopo mpaka ung'ae. Wangezindua kitu safi kabisa ambacho si kile watu walikuwa wanangoja.

Sasa tuje kwa visingizio, kwa sababu navijua vyote.

Kisingizio cha kwanza: "Wataniibia."

Pole, lakini nani? Hao wasee unaowaogopa wana mawazo yao kumi ambayo pia hawajafanya. Kuiba wazo ni rahisi. Kulifanya ndiyo kazi, na watu hawapendi kazi. Kitu kingine, sheria yenyewe haiko upande wa siri yako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hailindi wazo linaloelea kichwani. Inalinda kazi iliyoandikwa, iliyorekodiwa, iliyowekwa kwa umbo linaloonekana. Kwa hivyo ile vidio ya dakika mbili unayoionea aibu ina ulinzi, na ile filamu kubwa ya kichwani haina. Unajificha mahali pasipo na ukuta.

Kuna hali moja naikubali. Kama umevumbua mtambo ama kifaa kipya na unataka hataza, usikimbie kuposti. Hataza inataka uvumbuzi uwe mpya, kwa hivyo pitia KIPI kwanza, uulize. Lakini tuambiane ukweli: skiti yako ya makanga na mwalimu mkuu si mtambo.

Kisingizio cha pili: "Sina vifaa."

Hapa nakupeleka Kampala, mtaa wa Wakaliga. Isaac Nabwana hakuwa na kamera ya sinema wala kompyuta ya duka. Ya kwake aliiunga mwenyewe kwa vipuri vikuukuu. Filamu yake ya mapigano, Who Killed Captain Alex, ya mwaka 2010, ilitengenezwa kwa chini ya dola 200. Silaha ni za kuchongwa na kuunganishwa kwa vyuma chakavu. Milipuko ni ya kompyuta na inaonekana kabisa ni ya kompyuta. Kompyuta ilikuwa na nafasi kidogo hivi kwamba ilibidi afute faili za filamu ili atengeneze nyingine. Lakini trela aliiweka YouTube. Trela tu. Dunia ikaiona ikapagawa, na Mmarekani mmoja akapanda ndege kuja kumtafuta, akaishia kuhamia huko kufanya naye kazi. Angengoja kamera nzuri, angekuwa anangoja hadi leo, na Wakaliga ingekuwa tu jina la mtaa ambalo wewe na mimi hatulijui.

Hiyo simu yako iliyopasuka kioo ni bora kuliko vitu vingi alivyokuwa navyo. Najua bando ni shida. Najua chaji ni shida, najua kuna siku ni chai na andazi hadi jioni. Ndiyo maana nasema demo. Demo ni kitu cha mtu ambaye hana pesa ya kupoteza.

Kisingizio cha tatu: "Watanicheka."

Hiki sikipingi. Ni kweli, watakucheka. Na hapa sasa nageuka kutoka kwa wewe unayejificha, naenda kwa wewe unayecheka.

Wewe. Ndiyo, wewe wa "rudi jikoni, haijaiva." Mtoto wa miaka 16 huko Kayole amechora katuni, amepiga picha kwa mwanga mbaya, ameweka mtandaoni, na wewe umechukua skrinshoti ukaweka kwa grupu ili watu 200 wacheke. Mbona hukusema mstari gani umepinda? Umecheka mwanga. Umecheka kwamba hana taa.

Fikiria hiyo inafanya nini. Kitu safi kinagharimu. Taa zinagharimu, kamera inagharimu, mhariri anagharimu. Kama tumekubaliana hapa mtandaoni kwamba kitu kisichong'aa hakifai kuonekana, basi tumeweka kiingilio mlangoni. Mtoto wa Runda analipa hicho kiingilio kwa kadi ya babake bila hata kujua amelipa. Mtoto wa Kayole anarudishwa. Na anayemrudisha hata si tajiri! Ni wewe, mwenye simu kama yake, uliyeajiriwa bure kama bawabu wa klabu ambayo hata wewe huwezi kuingia.

Hiyo ndiyo inaniuma. Tunalia kila siku kwamba hadithi za mtaa zinasimuliwa na watu wasiotoka mtaa. Ukweli ni kwamba wa mtaa walijaribu, tukawacheka kwenye toleo la kwanza, na hawakurudi na la pili.

Na shule nazo zinasaidia kuua. Kwa chuo nilichoacha, tuliandika pendekezo la mradi, tukaandika upya, tukalipeleka kwa baiskeli ya sahihi kutoka ofisi moja hadi nyingine, tukalibindi vizuri na jalada la plastiki. Hakuna siku mtu aliuliza, "Na kitu chenyewe kiko wapi, nikishike?" Siwaambii muache chuo. Msiniletee wazazi wenu hapa. Nasema pendekezo ni maneno kuhusu kitu, na demo ni kitu. Ukiwa na wiki moja, tumia siku moja kwa maneno na sita kwa kitu.

Najua komenti zinazokuja, wacha nizijibu mapema.

"Kwa hivyo tuposti takataka?" Hapana. Takataka ni kitu kibovu kinachojifanya kimekamilika. Demo inajitambulisha: andika wazi kwamba hili ni jaribio na useme unataka kujua nini. "Niambie ulichoka wapi" ni swali. "Mnaonaje?" si swali, hiyo ni kuomba sifa. Na si lazima uanze na dunia nzima. Anza na watu watano, na wasiwe wote mabeshte, kwa sababu beshte atakwambia "iko sawa buda" hata ukimwonyesha ukuta. Wakitazama, usieleze. Ukilazimika kueleza, hapo ndipo demo imekujibu.

"Unataja walioshinda tu. Demo nyingi hufa." Haki kabisa. Nyingi hufa, hata zangu zinakufa, na hiyo ndiyo faida yenyewe. Wazo ambalo halingefanya kazi likifa Jumapili jioni, limekula wikendi yako. Likifa baada ya miaka mitatu ya kupika kwa siri, limekula ujana wako na akiba ya mamako. Chagua.

Na lile ambalo halifi linakua na watu wake. Wewe uliyecheza Minecraft unajua? Mei 2009 Markus Persson aliitoa ikiwa uwanja wa maboksi tu, karibu hakuna cha kufanya ndani yake. Watu wakacheza, wakasema, akaongeza. Toleo lililoitwa kamili lilitoka Novemba 2011, na wakati huo watu walikuwa washainunua kwa mamilioni ikiwa bado haijaisha. Hawakungoja iishe. Waliipenda ikiwa mbichi, na kwa sababu walikuwepo ikiwa mbichi waliiona kama yao.

Basi hii ndiyo kazi, na si ya mwezi ujao. Kati ya leo na Jumapili usiku, chukua lile wazo liko kwa noti za simu yako tangu lini sijui. Lipunguze mpaka liwe swali moja. Litengeneze kwa vitu vilivyo ndani ya hiyo nyumba: boksi, biro, simu, sauti yako. Waonyeshe watu watano. Nyamaza. Andika walichofanya, si walichosema.

Kisha liweke hapa chini kwa komenti. Yeyote atakayekuja kucheka taa ya mtu kwa ukurasa wangu, namtoa, sina haja na hesabu ya wafuasi wa aina hiyo. Ukija kumwambia mtu mstari wake umepinda wapi, karibu, vuta kiti.

Na tafadhali, asiandike mtu "loading." Tumeona mkisema hivyo tangu 2023.