FURAHA HAIUZWI DUKANI

Ndugu wanachama na wanakijiji wote,

Maharage yameuzwa, pesa imeingia. Sasa tuulizane: je, furaha nayo imeingia? Maana wiki hii mashauri ya ugomvi yaliyofika ofisini ni mengi kuliko wakati ule tulipokuwa tunakopana chumvi. Kilabuni kuna kelele mpaka usiku, lakini kelele siyo furaha. Raha ya kilabuni huisha asubuhi, deni lake linabaki.

Nijiseme mwenyewe kwanza. Mbuzi wa jirani yangu walikula maharage yangu, tukanuniana misimu miwili. Katika muda huo nilipata bati, nikapata na redio. Lakini kila jioni nikikaa barazani nilikuwa nageuza kiti ili nisiione nyumba yake. Usiku mmoja mke wangu akazidiwa. Aliyefika wa kwanza kushika machela ni yule yule jirani. Ndipo nikaelewa nilikuwa nimekosa kitu gani.

Hayo siyasemi peke yangu. Mwaka 1938 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, kule Marekani, walianza kufuatilia maisha ya vijana 268, na baadaye watu wengine zaidi, mpaka uzeeni mwao. Wakaona kwamba kinacholinda furaha na afya ya mtu, kuliko mali na sifa, ni kuishi vizuri na watu wake.

Wazee wetu walilijua hilo. Waulizeni habari za mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Nchi nzima walishiriki watu kama milioni 2. Kazi ilikuwa ngumu, lakini wazee wakiisimulia leo wanacheka, kwa sababu waliifanya pamoja.

Basi ndugu zangu, furaha inafundishika, kama tulivyofundishwa a, e, i, o, u kwenye kisomo: kidogo kidogo, kila siku. Tuanze na haya:

1. Uliyenuniana naye, mpelekee salamu kabla ya Jumapili. Usingoje aanze yeye.

2. Pesa ya maharage mume na mke waihesabu pamoja: mbegu, madaftari ya watoto, madeni. Pombe iwe ya mwisho, tena kama kimebaki kitu.

3. Jirani akipata mgonjwa au msiba, au palizi ikimshinda, twende bila kungoja kuitwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Jumamosi saa 2 asubuhi tunakutana kutengeneza njia ya kisimani. Kila mtu aje na jembe lake. Na wale wanaonuniana, ninawajua: nitawapanga zamu moja.

Ni mimi ndugu yenu,
Katibu wa Tawi