Kiti cha zamani kinunuliwe kwa viungo, si kwa sura

Wiki hii naweka msimbo kando kidogo nizungumzie viti. Ndiyo, viti vya mikono, vile vya sebuleni ambavyo mtu akishaketi hataki kuinuka. Msinikimbie, mambo ya programu yatajitokeza yenyewe tukiendelea :-)

Nimesukumwa kuandika kwa sababu ya mambo mawili ninayoyaona kila mara hapa Nairobi. Kundi la kwanza ni vijana wa rika langu. Mtu akipata mshahara wa kwanza wa maana, anaondoa viti vya wazazi na kuleta seti ya sofa kwa mkopo. Kabla mkopo haujaisha, sofa imeshabonyea katikati. Kundi la pili wanajiita wapenzi wa vitu vya zamani. Hao wanaona picha kwenye wavuti, wanalipa pesa nyingi kwa sababu kiti "kinaonekana kizee", kisha kikifika hakikaliki.

Kwa maoni yangu, makundi yote mawili yanauliza swali lisilofaa. Swali la kwanza lisiwe "kinapendeza?" wala "kina miaka mingapi?" Liwe hili: kikiharibika, je, fundi wa mtaani kwangu anaweza kukifungua, akatengeneza kilichovunjika, akakifunga tena?

Mwanaprogramu yeyote analijua swali hilo. Programu huria tunaipenda si kwa sababu ni ya bure tu, bali kwa sababu unaweza kuifungua, ukaona inavyofanya kazi, ukairekebisha bila kumpigia magoti aliyeiunda. Kiti kizuri cha zamani kiko hivyohivyo.

Kwanza, tuelewane kuhusu umri

Kwa kawaida ya wauzaji, kitu cha kale ni kile kilichopita miaka 100. Kilicho chini ya hapo, lakini ni cha kizazi kilichopita, huitwa cha zamani tu. Tofauti hiyo inapandisha bei. Haikuambii kama kiti ni kizima. Kuna viti vya miaka 120 vilivyotengenezwa ovyo, na kuna viti vya miaka ya 1960 vitakavyokaliwa na wajukuu wako.

Mifano mitatu ya kujifunzia

Mfano wa kwanza ni kiti namba 14 cha Michael Thonet, kilichotoka Vienna mwaka 1859. Thonet aliipitisha mbao kwenye mvuke, akaikunja. Kiti kizima kilikuwa na vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa kwa meli na kuunganishwa huko vilikokwenda. Kufikia mwaka 1930, takriban milioni 50 vilikuwa vimeuzwa. Hicho hakina mikono, lakini kampuni hiyo ilitengeneza vya mikono kwa mbinu ileile. Ukikipata chenye wavu wa henzirani uliotoboka, usiogope. Henzirani husukwa upya.

Wa pili unatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Unaitwa kiti cha Roorkhee, kutokana na mji wa Roorkee nchini India, walikokuwa wahandisi wa jeshi la Uingereza. Kina miguu minne, vijiti vya kuiunganisha, na turubai au ngozi. Hakina gundi wala msumari. Ncha za vijiti zimechongwa zikawa nyembamba, zinaingia kwenye matundu ya miguu, na uzito wa anayekaa ndio unaokaza kila kitu. Hata sakafu ikiwa na mabonde, miguu yote hugusa chini. Maofisa na wawindaji walikikunja, wakakitia mfukoni, wakaenda nacho porini. Mwaka 1933 Kaare Klint wa Denmark alibuni kiti chake cha safari baada ya kuona kiti cha namna hiyo katika picha za Martin na Osa Johnson, Wamarekani waliokuwa wakipiga filamu huku kwetu. Kwa hiyo kiti kinachouzwa ghali Ulaya kama ubunifu wa Denmark kina asili iliyopita kwenye kambi za huku.

Wa tatu ni viti vya Parker Knoll vya Uingereza, vilivyoanza kutengenezwa miaka ya 1930. Badala ya springi za kusimama zilizoshonewa ndani, vina springi ndefu zilizolala, kila moja imening'inizwa kwa kulabu pande mbili za fremu. Ikilegea moja, unabadilisha hiyo moja. Vingi vimeandikwa namba ya muundo kwenye fremu. Kwetu sisi hiyo ni namba ya toleo!

Viti vyote vitatu vilibuniwa na mtu aliyejua kwamba siku moja kitu kitaharibika.

Ninavyokagua kiti kabla ya kutoa pesa

1. Kitikise. Shika mikono yote miwili, kisha kisukume mbele, nyuma na pembeni. Kucheza kidogo si tatizo. Gundi ya zamani ilitengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nayo hulainika kwa joto na unyevu. Fundi anaweza kukifungua kiungo bila kukivunja, akapaka gundi mpya. Tatizo ni ulimi wa mbao uliokatikia ndani ya tundu, au mtu aliyekwishapigilia misumari pale. Misumari juu ya kiungo cha zamani ni sawa na mtu aliyeficha hitilafu badala ya kuitafuta.

2. Kipindue. Sura hudanganya, lakini tumbo la kiti husema kweli. Mbao nzima kama mvule au mahogani inafaa. Ukiona chipibodi chini ya kitambaa kizuri, rudisha pochi mfukoni. Chipibodi ikinywa maji huvimba, na skrubu ikishang'oka haishiki tena.

3. Tafuta matundu ya wadudu. Matundu makavu ni historia. Ukigonga na unga laini ukamwagika, basi wenyeji bado wako nyumbani, nao watahamia kwenye kabati lako.

4. Chunguza kilichomo ndani ya mto. Sponji ya viti vya miaka ya 1950 hadi 1980 huwaka haraka na moshi wake ni sumu. Uingereza ilitunga kanuni za kuidhibiti mwaka 1988, na ikaviacha viti vilivyotengenezwa kabla ya 1950, kwa kuwa vilijazwa vitu vingine kama manyoya ya farasi. Kwa hiyo ukinunua cha miaka hiyo ya kati, weka bei ya sponji mpya kwenye hesabu tangu mwanzo.

5. Kikalie dakika ishirini. Usione haya mbele ya muuzaji. Nyayo zote mbili ziguse sakafu, na ukingo wa kiti usikukate nyuma ya magoti. Nenda na futi ya kupimia, upime pia mlango wako na ngazi za ghorofa. Kiti kisichopita mlangoni ni pambo la korido.

6. Usikimbilie msasa. Mwaka 2000 Joel Spolsky aliandika makala maarufu akiwaonya wanaprogramu wasitupe msimbo wa zamani na kuandika upya kila kitu, kwa sababu ule msimbo mbaya umebeba marekebisho ya miaka mingi. Nasema hivyohivyo kuhusu vanishi ya zamani. Safisha kwanza, tia nta, subiri. Ukishakwangua, rangi iliyoletwa na miaka na mikono ya watu haitarudi, na bei ya kiti hushuka. Zaidi ya hayo, rangi ya mafuta ya zamani inaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni hatari kwa watoto.

Kiti nisichokitaka sebuleni kwangu

Mtu akisema kiti cha kale Kenya, wengi tunakumbuka kiti cha enzi cha pwani: mgongo mrefu, mbao nyeusi ya mpingo, nakshi za mifupa au pembe za ndovu, kamba zilizosukwa, na mahali pa kuwekea miguu. Alikikalia mgeni wa heshima au mkubwa wa nyumba. Hakijawahi kuwa kiti cha kujinyoosha ukitazama mpira.

Hiki ndicho kiti pekee ninachokuomba usikitafute. Kukitoa kitu cha kale nje ya Kenya bila kibali kunakatazwa na sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006. Pembe za ndovu nazo ni kesi kubwa zaidi: nchi yetu ilichoma tani 12 mwaka 1989, na sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kuzimiliki bila kibali. Ukitaka kukiona, nenda makavazi ya Lamu. Ukitaka chako, mlipe seremala wa pwani akuchongee kipya kwa mbao halali. Atapata riziki, na ufundi utabaki hai.

Najua mtakachoniambia

Mtaniambia kiti cha zamani si cha kuandikia programu saa nane. Ni kweli kabisa. Mezani na tarakilishi natumia kiti cha ofisi chenye kupanda na kushuka, na sitakibadilisha kwa Roorkhee. Kiti cha mikono ni cha saa zinazobaki.

Mtasema pia ni ghali. Inategemea unahesabu mpaka lini. Mwaka jana mjomba wangu alitaka kuuza viti vinne vya mvule kwa bei ya kutupa, achukue sofa kwa mkopo wa miezi 24. Tulikaa chini na karatasi. Kufungua viungo, gundi, sponji mpya na kitambaa kwa viti vyote vinne vilifika chini ya theluthi moja ya bei ya ile sofa, kabla hata ya riba. Mjomba alikubali shingo upande, na mpaka leo shangazi anasema sofa ingependeza zaidi. Huenda ni kweli.

Lakini aliyevitengeneza ni mzee mmoja wa karakana ya kando ya barabara, na aliniambia kazi kama ile anaipata mara moja moja tu. Vijana wake wanajua kupigilia fremu ya sofa kwa siku moja, ila kufungua kiungo bila kukivunja hawajui, kwa sababu hakuna anayewaletea. Hilo ndilo linalonisumbua. Programu ambayo hakuna anayeweza kuisoma imekufa hata kama bado inafanya kazi. Vivyo hivyo, kiti cha babu kitakuwa kuni siku ambayo fundi wa mwisho anayekielewa atafunga karakana yake.

Basi kabla ya kuuza viti vya nyumbani, vipindue kwanza uvitazame chini. Kisha niandikie kwenye maoni: vya mbao gani, viungo vikoje, na je, mtaani kwako bado kuna fundi anayeviweza?